Familia iliyokataa kupangiwa bei ya matunda yake

Na Mwandishi Wetu

KWA mfanyabiashara wa matunda anayevuka mpaka, adui mkubwa si ushuru wala foleni ya malori. Adui ni jua. Ushuru una kiwango kinachojulikana na foleni ina mwisho wake, lakini nanasi lililokwisha kuiva halisubiri mtu agonge muhuri. Mwenye mzigo unaooza hana sauti mbele ya mnunuzi. Atauza kwa bei yoyote atakayotajiwa ili arudi japo na nauli.

Ndiyo maana swali la nani anamiliki nyumba ya kufungashia na chumba cha baridi si la mafundi peke yao. Ni swali la nani anapanga bei. Makala haya yanaitazama familia moja ya wakulima ya ng'ambo iliyojibu swali hilo kwa vitendo, kisha yanapima ni kipi kati ya hayo kinaweza kumfaa mchuuzi wa mpakani au ndugu aliyerejea nyumbani na akiba kidogo, akitafuta mradi wa kuanzia.

Shamba la mlimani

Familia hiyo ni ya akina Mathison, wa mji wa Wenatchee, jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Mwaka 1893 walijipatia ardhi kwenye mlima uitwao Stemilt Hill, kwa utaratibu wa serikali wa wakati ule wa kumpa ardhi aliye tayari kuishi juu yake na kuilima. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1892, reli ya Great Northern ilikuwa imefika Wenatchee. Bila reli hiyo matunda ya bonde lile yangeliwa na ndege, kwa kuwa wanunuzi walikuwa miji ya mbali. Mabehewa yaliyopozwa kwa mabonge ya barafu ndiyo yaliyoyabeba.

Eneo lenyewe ni kavu na mvua zake ni chache. Maji ya mifereji ndiyo yaliyoligeuza kuwa bustani, na mfereji mkubwa wa Highline ulikamilika mwaka 1903. Mwaka 1914 kizazi cha pili cha familia hiyo kilipanda matofaa, ambayo masokoni kwetu wengi huyaita maepo, pamoja na peasi na cheri. Kwa miaka mingi waliishi kama wakulima wengine wote: walivuna, wakapeleka mzigo kwenye ghala la kufungashia la mwingine, wakasubiri malipo.

Utaratibu wa malipo hayo unahitaji maelezo, maana wengi wetu tutautambua. Mkulima hakuuza matunda yake shambani. Aliyakabidhi kwa mwenye ghala, yakachanganywa na ya wenzake, yakapangwa kwa madaraja, yakahifadhiwa na kuuzwa kidogo kidogo. Baada ya miezi mingi ndipo mahesabu yalipopigwa. Gharama ya kuosha, ya boksi, ya baridi, ya mauzo na ya usafiri vilikatwa kwanza, na kilichobaki ndicho cha mkulima. Mwaka wa bei mbaya kilichobaki kilikuwa kidogo mno. Wapo waliopata karatasi inayoonyesha kwamba wao ndio wanadaiwa na ghala.

Aliyeshindwa kuvumilia hali hiyo alikuwa Tom Mathison, wa kizazi cha tatu. Alipoona malipo ya cheri zake hayalingani na jasho lake, aliamua kufungasha mwenyewe. Alianza na mazao ya shamba lake. Majirani walipoona mambo yanakwenda, wakaomba awafungashie na ya kwao. Mwaka 1964 ikazaliwa kampuni ya Stemilt Growers, ambayo leo ni miongoni mwa wafungashaji wakubwa wa matofaa, peasi na cheri nchini Marekani, na bado iko mikononi mwa familia.

Ukubwa wa kampuni si jambo la ajabu sana, kwa kuwa Marekani ina kampuni kubwa nyingi. Lililo muhimu ni mahali ilipoanzia. Tom hakuanza kwa kununua shamba la pili. Alianza kwa kushika hatua iliyokuwa ikimla, ile iliyo kati ya mti na soko.

Kazi inayofanyika ndani ya ghala

Mtu anaweza kudhani kufungasha ni kujaza boksi na kubandika nembo. Sivyo. Matunda yanapotoka shambani huwa yamebeba joto la jua, na yanaendelea kupumua kama kiumbe hai. Kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyopumua kwa kasi, na kupumua ndiko kunakoyazeesha. Kwa makadirio ya wataalamu, kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi, kasi hiyo huongezeka mara mbili au zaidi. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kufungasha, ni kuondoa joto la shambani haraka.

Cheri ndizo zenye haraka kuliko zote. Huvunwa alfajiri, na ndani ya saa chache hupitishwa kwenye maji yaliyokaribia kuwa barafu, kisha hutunzwa karibu na nyuzi 0. Hata zikitunzwa vizuri namna hiyo, uhai wake ni wa wiki mbili hadi nne tu.

Matofaa hupewa nafasi zaidi. Hushushwa kutoka kwenye masanduku makubwa kwa kuyazamisha kwenye maji, yakaelea na kusogea taratibu bila kugongana. Peasi ni nzito kuliko maji na huzama, hivyo mafundi huongeza aina ya chumvi kwenye maji hayo ili nazo zielee. Baadaye huoshwa, huchambuliwa kwa ukubwa na rangi, hukaushwa na kupangwa kwenye boksi. Kila hatua ina lengo moja: tunda lisichubuke. Mahali palipochubuka ndipo uozo unapoingilia, na baridi haiponyi jeraha.

Kinachoshangaza zaidi ni vyumba visivyo na hewa ya kutosha. Katika miaka ya 1920 watafiti wawili wa Uingereza, Franklin Kidd na Cyril West, walionyesha kwamba tofaa likipunguziwa oksijeni na kuongezewa hewa ya kaboni husinzia, halizeeki upesi. Hewa tunayovuta ina oksijeni takriban asilimia 21. Katika vyumba hivyo hushushwa hadi asilimia 1 au 2, mlango ukazibwa kabisa. Mtu akiingia bila vifaa anaweza kufa. Lakini tofaa lililovunwa mwezi wa Oktoba linaweza kutolewa majira ya joto ya mwaka unaofuata likiwa bado gumu.

Hapo ndipo bei ilipobadilika. Zamani wakulima wote walivuna pamoja, wakauza pamoja, na bei ikaporomoka pamoja. Mwenye chumba cha kuhifadhi anaweza kusema: leo siuzi.

Siku soko lilipogoma

Safari ya wakulima hao haikuwa laini wakati wote. Februari 1989 kituo cha televisheni cha CBS kilirusha kipindi kuhusu dawa iitwayo Alar, iliyotumika kuyafanya matofaa yasidondoke mapema na yawe na rangi nzuri. Kipindi kilidai kwamba dawa hiyo ina hatari ya kusababisha saratani, hasa kwa watoto. Akina mama waliacha kununua, shule zikayaondoa matofaa kwenye milo, na wakulima wa Washington wakapata hasara ya mamilioni ya dola, wakiwemo ambao hawakuwahi kuitumia dawa yenyewe. Mwaka huohuo mtengenezaji aliiondoa kwenye matumizi ya mazao ya chakula.

Ubishi kuhusu ukubwa wa hatari ile uliendelea kwa miaka. Stemilt haikuusubiri uishe. Mwaka huohuo wa 1989 ilianzisha utaratibu wake wa kupima dawa za shambani na kuwaelekeza wakulima wake watumie zile zenye madhara madogo. Ilikuwa imetambua kwamba boksi likishakuwa na jina lako, kosa la shamba la jirani linakuwa lako.

Kwetu somo hilo tumelipata kwa njia nyingine. Mwaka 2007 Afrika Kusini iliyafungia mlango maparachichi ya Kenya kwa sababu ya nzi wa matunda. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisitisha kupeleka maembe Umoja wa Ulaya kwa sababu ya wadudu haohao, na hadi 2021 ndipo safari zilipoanza tena. Miaka saba ni mingi. Mdudu mmoja kwenye katoni moja anaweza kumfungia soko hata mkulima aliyefanya kila kitu sawasawa.

Kurithishana bila kugombana

Biashara nyingi za familia hufa na mwanzilishi. Mzee akifariki, watoto hugawana magari, na jina hubaki kwenye ukuta wa duka lililofungwa. Tom Mathison alifariki mwaka 2008, lakini kampuni ilikuwa na watu wa kuishika. Mwanawe Kyle alibaki mtu wa shambani, akijulikana kwa cheri zinazopandwa juu mlimani ambako baridi huchelewesha kuiva, hivyo huingia sokoni wakati za wengine zimekwisha. Mjukuu wake, West Mathison, akawa rais wa kampuni.

Mpangilio huo una busara. Si kila mtoto lazima akae ofisini. Mwenye mkono wa shamba aachwe shambani, mwenye kichwa cha mahesabu apewe mahesabu, na kila mmoja ajue mpaka wake mapema, mzee akiwa bado hai na anaweza kuamua.

Na sisi wa mpakani?

Msomaji anaweza kusema: hao ni Wamarekani, wana umeme usiokatika, barabara na benki. Ni kweli. Lakini tatizo lililomsukuma Tom Mathison tunalo hapa hapa. Kwa miaka mingi sehemu ya maparachichi ya Njombe na Rungwe nchini Tanzania yalivuka kwenda Kenya, yakafungashwa huko na kupakiwa meli Mombasa. Mkulima alikuwa na mti, lakini hakuwa na boksi. Hali ilianza kubadilika pale nyumba za kufungashia zilipojengwa karibu na mashamba na milango ya masoko mapya ilipofunguliwa, kama vile makubaliano ya Novemba 2022 kati ya Tanzania na China kuhusu maparachichi.

Kuna jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja, nalo ni mpaka kufungwa ghafla. Wafanyabiashara wa Gatuna hawajasahau Februari 2019, mpaka wa Rwanda na Uganda ulipofungwa hadi ukafunguliwa tena Januari 2022. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, ikisema ni jibu kwa vizuizi vilivyowekewa mazao yake, na baada ya siku chache zuio likaondolewa. Siku chache ni maneno mepesi kwa mwenye mahindi. Kwa mwenye lori la ndizi mbivu ni mtaji wote.

Chumba cha baridi hakifungui mpaka. Kinachofanya ni kumpa mfanyabiashara muda wa kutafuta mnunuzi mwingine badala ya kumwaga mzigo barabarani.

Hesabu ya kreti mia moja

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko lolote. Mchuuzi ana kreti 100 za kilo 20, yaani kilo 2,000 za matunda. Amenunua kwa shilingi 1,000 kwa kilo, na anatarajia kuuza kwa shilingi 1,600. Mtaji wake ni shilingi milioni 2.

Akikaa mpakani siku tatu juani na theluthi moja hivi ikaharibika, tuseme asilimia 30, atabaki na kilo 1,400. Akiziuza zote kwa bei aliyotarajia, atapata shilingi 2,240,000. Ziada ni 240,000, na hapo hajalipa lori wala wabebaji. Kwa kweli huenda asifike hata hapo, kwa sababu mnunuzi akiona mzigo umelegea atashusha bei.

Akiukodishia mzigo huo chumba cha baridi kwa shilingi 500 kwa kreti kwa siku, atalipa 150,000 kwa siku tatu. Ikiharibika asilimia 5 tu, atauza kilo 1,900 na kupata 3,040,000. Akitoa mtaji na kodi ya chumba, anabaki na 890,000. Kila mmoja aweke namba zake halisi, lakini afanye hesabu hii kabla ya kusema baridi ni ghali.

Kukodisha kwa kreti si ndoto. Nchini Nigeria, kampuni ya ColdHubs, iliyoanzishwa na Nnaemeka Ikegwuonu, imejenga vyumba vinavyotumia umeme wa jua masokoni na mashambani. Kila kimoja hubeba takriban tani 3, na katika miaka yake ya mwanzo mchuuzi alilipa naira 100 kwa kreti kwa siku. Mama muuza nyanya hakulazimika kununua mashine. Alilipia nafasi aliyotumia.

Kuanza kidogo

Kwa familia yenye akiba ndogo, hususan waliorejea na wanaotafuta pa kuanzia, zipo ngazi kabla ya kufikia mashine kubwa. Ya kwanza haihitaji umeme: kuvuna alfajiri, kuweka matunda kivulini, na kuacha magunia na matenga yaliyojazwa kupita kiasi, badala yake kutumia kreti za plastiki zinazopangika bila kuponda za chini. Ya pili ni chumba cha kuta mbili za tofali, katikati mchanga au mkaa unaolowanishwa maji. Maji yakikauka hupooza ndani kwa nyuzi kadhaa. Hufanya kazi vizuri sehemu kavu, na si sana pwani au kando ya ziwa kwenye unyevu mwingi.

Ya tatu ni chumba kidogo chenye kuta zilizozibwa kwa povu zuri na kiyoyozi cha kawaida, kikiongezewa kifaa kama CoolBot kinachokilazimisha kushusha baridi kuliko kilivyokusudiwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mtambo kamili. Ya nne ndiyo mtambo wa jua au wa gridi wenye jenereta ya akiba. Anayeruka ngazi tatu za kwanza akakopa kwa ajili ya ya nne mara nyingi hugundua kwamba hana mzigo wa kutosha kukijaza chumba, na mkopo hausubiri msimu.

Ni muhimu pia kujua kwamba baridi ya tunda moja ni sumu ya jingine. Tofaa hupenda karibu na nyuzi 0. Parachichi aina ya Hass hutaka nyuzi 5 hadi 7. Nanasi na pasheni, ambazo ndugu zetu wa Burundi na Kongo huziita marakuja, hukaa vizuri kati ya nyuzi 7 na 10. Embe hutaka 12 au 13, na ndizi isishuke chini ya 13, maana ganda lake litakuwa la kijivu na haitaiva vizuri tena. Aidha, ndizi mbivu na parachichi zinazoiva hutoa hewa inayoziivisha nyingine. Mwenye chumba kimoja achague kundi la matunda yanayopatana, asifanye stoo ya kila kitu.

Karatasi nazo zina nafasi yake. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa mazao yetu usiozidi thamani ya dola 2,000 na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa mpakani. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha tu. Hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea, na wengi hukwama hapo kwa kudhani karatasi moja inatosha.

Mwisho ni suala la uaminifu. Majirani wa Tom Mathison walimpelekea matunda kwa kuwa waliamini mizani yake. Familia itakayojenga chumba cha baridi hapa, kisha ikawapunja majirani kwenye kilo au ikawacheleweshea malipo, itakuwa imejenga ghala lilelile alilolikimbia Tom. Mizani iwe mahali pa wazi, risiti itolewe siku ya kupokea mzigo, na makato yote yaandikwe ukutani ambapo kila mleta kreti anayaona kabla hajashusha.